Kabla Hujampeleka Mtoto Shule ya Kujiongoza

Ukitaka kuijua shule inayosema mtoto ndiye anayeongoza masomo yake, itembelee siku ya kawaida katikati ya wiki, saa nne asubuhi. Siku ya wazazi au ya mahafali kila shule hupendeza. Saa nne asubuhi watoto wameshatulia na kila mmoja yuko kwenye shughuli yake. Omba kiti pembeni, kaa kimya muda wa saa moja, kisha chagua mtoto mmoja tu umfuatilie kwa macho. Anafanya nini? Nani kamwambia aifanye kazi hiyo? Akikwama anamwendea nani? Akimaliza, anakaa kumsubiri mwalimu au anajua mwenyewe pa kuendelea?

Halafu watazame watu wazima. Katika shule nzuri ya aina hii utamwona mwalimu akizunguka taratibu, daftari mkononi. Anapiga magoti kando ya mtoto mmoja, anamwonyesha jambo kwa dakika chache, anaandika, anasogea kwa mwingine. Ukimkuta mwalimu yuko na simu yake huku watoto wakirandaranda, na ukaelezwa kwamba hivyo ndivyo mtoto anavyopewa uhuru, washukuru kwa muda wao uondoke.

Wazazi wanaoziulizia shule hizi wana sababu zao, na sababu hizo ni za haki. Mtoto wa Darasa la Tatu anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule, anarudi jioni hoi, anafanya kazi za nyumbani mpaka usingizi umchukue mezani, Jumamosi ana tuisheni. Pamoja na yote hayo, ukimuuliza swali ambalo halimo kwenye daftari lake anabaki kukutazama. Mzazi akisikia kuna shule ambako mtoto anachagua la kujifunza na anakwenda kwa kasi yake, lazima moyo uvutike.

Mimi ni muumini wa elimu inayompa mtoto nafasi ya kuamua, na kwa sababu hiyohiyo nasisitiza jambo moja: uhuru wa mtoto unaongeza kazi ya mwalimu. Mwalimu wa darasa la kawaida anaandaa somo moja kwa watoto arobaini. Mwalimu wa shule ya kujiongoza anapaswa kujua kila mtoto amefika wapi, nini kinamfuata, na ni wakati gani wa kumwacha apambane peke yake. Shule isipoiweza kazi hiyo, mtoto hupoteza zaidi ya ambavyo angepoteza katika shule ya kawaida, maana kule walau ratiba ingemsukuma. Kwa hiyo unapochagua, unachokagua hasa ni kazi ya watu wazima.

Shule za aina nyingi chini ya sifa moja

Shule nyingi hujitangaza kwamba kwao mtoto ndiye kiini, ilhali hazifanani hata kidogo. Inafaa ujue unaingia katika ukoo upi.

Inayojulikana zaidi kwetu ni Montessori. Daktari Maria Montessori alifungua darasa lake la kwanza Roma tarehe 6 Januari 1907, katika mtaa wa San Lorenzo, kwa watoto wa familia za wafanyakazi maskini. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi na watoto wenye ulemavu wa akili. Njia yake inaeleweka vizuri zaidi ukikitazama kifaa kimoja. Kuna gogo refu la mbao lenye matundu kumi, na vipande kumi vya duara vyenye vishikio vidogo, kila kimoja na tundu lake. Mtoto wa miaka mitatu anavitoa vyote, anavichanganya, kisha anaanza kuvirudisha. Akikosea mapema, kipande chembamba kikaingia kwenye tundu pana, hakuna anayemwambia. Anaendelea mpaka mwisho, ndipo anabaki na kipande kinene mkononi na tundu jembamba mbele yake. Anakizungusha, anakisukuma, anasita. Anaanza kutazama nyuma, anakitoa kile kilichopwaya, anapanga upya. Mwalimu yupo hatua mbili kutoka hapo na hajafungua kinywa. Mbao zenyewe zimemsahihisha mtoto, na ile subira ya mwalimu ni ujuzi aliousomea.

Angalia lakini kwamba mtoto huyo hakuchukua kifaa chochote alichotaka. Alichagua miongoni mwa vile alivyokwisha kuonyeshwa namna ya kuvitumia, akafanya kazi bila kukatizwa, na kifaa kinachofuata kinamngojea kwenye rafu. Katika Montessori iliyo kamili kipindi cha asubuhi hufika saa tatu mfululizo, na watoto wa miaka mitatu hadi sita wako chumba kimoja, hata thelathini, wadogo wakijifunza kwa kuwatazama wakubwa. Ukikuta darasa la umri mmoja, kengele kila dakika arobaini, na vifaa vya Montessori vimepangwa kabatini kama mapambo, hiyo ni shule ya kawaida yenye vifaa vya gharama.

Ukoo wa pili umekwenda mbali zaidi. Summerhill ilianzishwa na A. S. Neill mwaka 1921 huko Ujerumani, na tangu 1927 iko mji wa Leiston, Uingereza. Huko kuingia darasani ni hiari. Kanuni za maisha ya shule huamuliwa kwenye mkutano wa wote, na kura ya mtoto mdogo ina uzito sawa na ya mkuu wa shule. Sudbury Valley, iliyofunguliwa mwaka 1968 katika mji wa Framingham, Massachusetts, inapokea watoto kuanzia miaka minne hadi kumi na tisa, na haina mtaala wala madarasa ya lazima. Somo linaanzishwa watoto wanapoliomba. Mkutano wa shule ndio unaopiga kura kila mwaka kuamua ni watumishi gani waendelee. Mzazi asidhani huko ni holela. Sudbury Valley ina kitabu cha sheria na baraza la nidhamu ambamo wanafunzi wenyewe husikiliza mashtaka, na wenzao wenye makosa hupewa adhabu. Lakini hakuna mtu mzima atakayemlazimisha mwanao kusoma hesabu.

Wa tatu ni mpya. Acton Academy ilianza Austin, Texas, mwaka 2009, na sasa ina shule katika nchi kadhaa. Watoto husoma hesabu na lugha kwa programu za kompyuta kwa kasi zao, hujiwekea malengo ya wiki, hufanya miradi ya wiki kadhaa kisha kuionyesha hadharani mbele ya wazazi. Mwalimu huitwa mwongozaji, na kazi yake ni kuuliza. Ukimpelekea swali anakurudishia swali. Watoto huandika na kutia saini mkataba wa namna watakavyoishi pamoja. Kila shule ya Acton inamilikiwa na watu wake, na kwa hiyo uzuri wa moja haukuambii lolote kuhusu nyingine.

Na hapa niseme jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: jina Montessori halina mwenyewe. Nchini Marekani iliamuliwa mwaka 1967 kwamba ni neno la kila mtu, na yeyote anaweza kulitumia. Kwetu nako si ajabu kuliona limechorwa kwenye ukuta wa chekechea ambako watoto wanaimba herufi kwa pamoja toka asubuhi hadi mchana. Muulize mwalimu amesomea Montessori wapi, kwa muda gani, na akuonyeshe cheti. Tanzania ina vyuo vya ualimu wa Montessori, vingine vikiendeshwa na masista wa Kikatoliki, na mwalimu aliyepita huko atajibu swali hilo kwa furaha. Usidhani pia kwamba ni elimu ya matajiri peke yao. Huko Nakuru, watoto wa familia zilizofukuzwa makwao na ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007 walifunguliwa madarasa ya Montessori. Vifaa vingi ni vya mbao, na fundi seremala makini anaweza kuvitengeneza hapahapa.

Utafiti unasema nini

Angeline Lillard, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha na mwenzake mwaka 2006 utafiti wa watoto wa Milwaukee walioingia shule ya Montessori kwa bahati nasibu, wakilinganishwa na walioikosa. Uzuri wa bahati nasibu ni kwamba huwezi kusema tofauti imetokana na wazazi waliojali zaidi, kwani wote walikuwa wameomba. Wa Montessori walionekana kufanya vizuri zaidi katika mambo kadhaa, ya masomo na ya kuishi na wenzao. Mwaka 2012 alitoa utafiti mwingine ambao kwangu una faida kubwa zaidi kwa mzazi: watoto waliokuwa katika madarasa ya Montessori kamili walipiga hatua kubwa zaidi kuliko wale wa madarasa yaliyochanganya Montessori na karatasi za mazoezi za kawaida. Ule mchanganyiko ndio unaouzwa sana mitaani kwetu.

Kwa shule huru kabisa za mfano wa Sudbury ushahidi ni mwembamba. Peter Gray na David Chanoff waliwafuatilia wahitimu wa Sudbury Valley na kuchapisha mwaka 1986. Wengi walikuwa wamefika vyuoni au kwenye kazi walizozitaka. Ni habari njema, ila hao walitoka katika familia zilizoichagua shule hiyo, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Upande wa pili, Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walieleza mwaka 2006 kwamba anayeanza kujifunza jambo jipya, akiachwa avumbue mwenyewe bila kuelekezwa, hujifunza kidogo na kwa taabu. Nayasoma yote hayo pamoja, na ushauri wangu ni huu: mtoto aliye chini ya miaka tisa, ambaye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) hazijakaa sawa, mtafutie shule inayomwachia achague ndani ya mpango uliopangwa na mtu aliyesomea. Uhuru ule mpana zaidi unamfaa mtoto anayesoma na kuandika bila kusaidiwa.

Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mkuu wa shule liwe hili: mtoto wa miaka tisa asiyejua kusoma, hapa mnamfanyaje? Jibu la kwamba atasoma akiwa tayari halitoshi. Wapo watoto wanaochelewa na kisha kufyatuka, ni kweli. Lakini wapo pia wenye tatizo la kusoma linalohitaji msaada mapema, na mtoto wa namna hiyo hujua kulificha katika shule yenye uhuru, kwa sababu anaweza kuchagua kila siku kitu kisicho na maandishi. Shule inayojua kazi yake itakutolea daftari la kumbukumbu na kukuonyesha mtoto, bila kumtaja jina, alivyogunduliwa na hatua zilizochukuliwa.

Lugha ya kufikiria

Jambo hili halisemwi vya kutosha. Shule ya kujiongoza inamtaka mtoto aulize, abishe, ajitetee kwenye mkutano, aeleze mpango wake wa wiki. Yote hayo yanahitaji lugha anayoimudu. Nyingi ya shule hizi kwetu zinafundisha kwa Kiingereza, na mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili akiingizwa kwenye duara la majadiliano ya Kiingereza hukaa kimya, au hurudia alichosema mwenzake. Wakati huo yule mwenye Kiingereza cha nyumbani ndiye anayeongoza wote. Uhuru umebaki kwa wachache.

Ukiwa pale darasani, sikiliza watoto wanazungumza lugha gani wakigombana, na lugha gani mwalimu akikaribia. Uliza kama mkutano wa watoto unaruhusu Kiswahili. Uliza vitabu vya Kiswahili viko wapi, vishike, tazama kama vina alama za mikono ya watoto. Kusoma kwa Kiswahili kuna urahisi wake kwa sababu maandishi yanafuata matamshi. Mtoto akishazimudu silabi anaweza kusoma neno asilowahi kuliona. Shule ya Montessori inayotumia herufi za msasa, ambazo mtoto anazipitishia kidole huku akitamka sauti, inaweza kumfikisha mtoto huko kwa Kiswahili mapema kuliko kwa Kiingereza. Inasikitisha kuona nafasi hiyo ikiachwa kwa sababu tu mzazi anadhani Kiingereza ndiyo elimu.

Tazama nidhamu pia. Kanuni za Tanzania bado zinaruhusu viboko kwa idhini ya mkuu wa shule. Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2001. Shule inayodai kumsikiliza mtoto haiwezi kuwa na fimbo juu ya meza ya mwalimu. Ukiiona, hata kama hujasikia mtoto akilia, umeshapata jibu lako. Uliza ugomvi wa mwisho kati ya watoto ulimalizwaje, na nani alikuwepo. Uliza watoto wanaozunguka kwa uhuru wanaonwa na nani, geti linalindwa na nani, na ni mtu mzima gani mwanao anaweza kumwendea akitendewa vibaya.

Usajili na njia ya mitihani

Hapa ndipo wazazi wenye mapenzi mema hukwama. Kabla ya kulipa chochote, omba namba ya usajili wa shule, kisha uipeleke kwa Afisa Elimu wa Halmashauri au ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule uhakikishe ni halali na inahusu ngazi ipi. Shule inaweza kuwa imesajiliwa kwa awali peke yake huku ikiendelea kupokea watoto wa msingi. Kule Kenya, uliza kwenye ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na uulize pia kama walimu wamesajiliwa na TSC, tume ya walimu ya huko.

Kisha uliza mtoto atafanya mitihani gani, na wapi. Kwa Tanzania kuna Upimaji wa Darasa la Nne, mtihani wa kumaliza msingi, Upimaji wa Kidato cha Pili, kisha Kidato cha Nne. Mtoto asiyesajiliwa kwenye upimaji wa hatua za mwanzo atapata shida mbele, na shule isiyo kituo cha mitihani inapaswa kukueleza watoto wake wanafanyia wapi. Aliyepita nje ya njia hiyo anaweza baadaye kufanya Mtihani wa Maarifa, ule unaojulikana kama QT, kisha akafanya Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Njia hiyo ipo na watu wengi wamepita, ila ni ndefu, na ni heri uichague kwa kujua kuliko kuikuta mbele yako. Shule inayofuata Cambridge, uliza kama ni kituo kilichosajiliwa, na kumbuka kwamba mtoto akitaka kurudi kwenye mfumo wa Tanzania matokeo yake yatapelekwa NECTA, Baraza la Mitihani, kufanyiwa ulinganifu. Nchini Kenya, wanafunzi wa Gredi ya 6 walianza kufanya tathmini ya KPSEA mwaka 2022 na wa Gredi ya 9 ile ya KJSEA mwaka 2025, kwa hiyo swali ni lilelile.

Usiache kuitazama mitaala ya serikali yenyewe. Kenya ilianza mtaala wa umilisi mwaka 2019, na Tanzania ilianza kutumia mitaala iliyoboreshwa Januari 2024. Yote miwili inataka mtoto atende kuliko kukariri. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, akataka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule yao badala ya kuamriwa tu. Si ajabu basi ukakuta shule ya msingi ya serikali yenye mkuu mwenye maono, klabu zinazoendeshwa na watoto na bustani wanayoipanga wenyewe, ikawa karibu zaidi na unachokitafuta kuliko ile yenye jina la kigeni. Itembelee nayo.

Kuhusu ada nitasema kidogo. Omba orodha ya kila kitu kwa maandishi: vifaa, chakula, basi, kompyuta, safari, sare kama ipo. Fanya hesabu ya miaka yote mpaka mtoto amalize ngazi hiyo, kwa sababu kumtoa katikati kwa kukosa ada kunamuumiza mtoto wa shule hizi kuliko wa shule nyingine; anakwenda darasa la kukaa kwa mistari wakati amezoea kusimama na kuchagua.

Baada ya kuandikisha

Mtoto aliyetoka shule ya kawaida huenda akakaa wiki nyingi, hata miezi, bila kufanya la maana. Amezoea kuambiwa, na sasa hakuna anayemwambia. Walimu wenye uzoefu wanalitegemea hilo. Muulize mwalimu anavyokitumia kipindi hicho, na mkubaliane tangu mwanzo tarehe ya kukaa chini kutazama maendeleo, kwa mfano mwisho wa muhula wa pili. Siku hiyo usiulize alama. Omba uonyeshwe kazi aliyoianza mwenyewe na kuimaliza, kitabu anachosoma sasa kikilinganishwa na cha mwanzo, na hesabu anazoziweza bila msaada.

Nyumbani nako kuna kazi. Mtoto anayepanga siku yake shuleni, kisha akirudi nyumbani anachaguliwa hata nguo ya kuvaa, anaishi maisha mawili. Mpe jambo moja la kweli alisimamie: bajeti ndogo ya sokoni, kuku wawili, mboga za Jumamosi. Likiharibika asiporomoshewe maneno. Bibi na babu waelezwe mapema, maana wao ndio watakaouliza kwa uchungu mbona mtoto hana daftari lenye vema nyekundu.

Miezi ikipita na huoni kazi wala usomaji unaosonga, na mwalimu hana kumbukumbu za kukuonyesha, mhamishe bila kuona haya. Fanya hivyo mwisho wa mwaka, kabla ya mwaka wa upimaji, uende na barua ya uhamisho, ripoti zake zote na namba yake ya utambulisho wa mwanafunzi, ile ya PREM, kwa sababu shule mpya ya Tanzania itaiomba namba hiyo siku ya kwanza.